Mabweni Yaliyowaka

Mgomo wa wanafunzi nchini Kenya ni mkongwe kuliko hata jina la nchi yenyewe. Mwaka 1908, vijana wa shule ya misheni ya Maseno waligoma wakidai elimu ya vitabu, wamechoka kufanyishwa kazi za mikono. Kwa miongo mingi iliyofuata, migomo ilikuwa ya namna hii: maharagwe yenye wadudu, mwalimu mkuu mkali, vioo vikapasuliwa, wazazi wakaitwa, yakaisha.

Julai 13, 1991 mambo yaligeuka. Katika shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, wavulana waliwavamia usiku wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa, 71 wakabakwa. Magazeti yalimnukuu msimamizi mmoja wa shule akisema wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka kubaka tu. Kauli hiyo inaeleza mengi zaidi kuhusu malezi ya shule za wakati ule kuliko ripoti yoyote.

Kisha ukaja moto. Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Pwani. Mei 1999, viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri walifungiwa chumbani mwao usingizini, wakamwagiwa petroli na kuchomwa hadi kufa.

Shule ya Kyanguli, Machakos, ndiyo iliyozidi. Usiku wa Machi 26, 2001, bweni la wavulana lilimwagiwa petroli na kuwashwa. Shuleni kulikuwa na manung'uniko, yakiwemo ya kufutwa kwa matokeo ya mtihani wa kitaifa wa KCSE. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma, vile vinavyowekwa kuzuia wezi na watoro. Wavulana 67 walikufa. Wengi walizikwa katika kaburi la pamoja, hapo hapo kwenye uwanja wa shule.

Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku kiboko, na jopo la kuchunguza nidhamu shuleni, likiongozwa na Naomi Wangai, likapendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Ila kiboko kilipoondoka, mahali pake hapakuwekwa sikio. Mwalimu wa ushauri alibaki na vipindi vyake vyote vya darasani, na mwanafunzi ataendaje kumweleza siri mtu aliyemwadhibu jana? Mwaka 2009 wanafunzi walianza kujichagulia viongozi badala ya kuteuliwa viranja na walimu. Ilikuwa hatua nzuri, ingawa haikuzuia moto wa 2016, shule zaidi ya 100 zilipochomwa huku wanafunzi wakilalamikia kalenda mpya ya masomo.

Mwongozo wa usalama wa mwaka 2008 uko wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Ndipo wizara ilipokagua mabweni ya shule za msingi, ikafunga ya shule 348 kwa kukiuka kanuni zilizokuwepo kwa miaka 16.