Mizigo yenye mionzi: taratibu za njia ya Gitega, Muyinga hadi Dar es Salaam

Lori linalotoka Mushasha, Gitega, kupitia Karuzi na Muyinga hadi mpaka wa Kobero na Kabanga halibebi fueli ya nyuklia. Burundi haina kinu cha nyuklia. Vinu vya utafiti vya ukanda huu vilijengwa Kinshasa, cha kwanza mwaka 1959. Hata hivyo, kanuni zinazosimamia fueli hiyo ndizo zinazosimamia pia madini ya koltani, ambayo mara nyingi huwa na urani na thori.

Kanuni hizo hutolewa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), na zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1961. Burundi ni mwanachama tangu 2009.

Msingi wake ni mmoja: hatari ikizidi, kifungashio nacho kiwe imara zaidi. Fueli iliyotoka kinuni kwenda kuchunguzwa maabara husafirishwa katika kasha zito la aina B. Kasha hilo lazima lihimili kuangushwa kutoka mita 9, kisha moto wa nyuzi 800 za Selsiasi kwa dakika 30, na pia kuzamishwa majini.

Koltani haihitaji kasha la namna hiyo. Madini ya asili yasiyokusudiwa kutolewa urani au thori huingia katika kanuni pale mionzi ya urani au thori inapozidi bekereli 10 kwa gramu. Mzigo wa aina hiyo huwa wa Daraja la 7, kwa kawaida chini ya namba UN 2912.

Wahusika wazingatie yafuatayo:

1. Sampuli ipimwe maabara kabla ya kupakia. Mzigo uliotangazwa vibaya unaweza kuzuiwa mpakani au kukataliwa na meli, na gharama za kusubiri zikamwangukia mwenye mali.

2. Hati zionyeshe namba ya UN, daraja, aina ya mionzi na kiwango chake.

3. Lebo ni tatu: I nyeupe, II njano na III njano. Kwa gari lenye lebo za njano, dereva na wasaidizi wake tu ndio wanaoruhusiwa. Abiria hapana.

4. Kwa usafirishaji wa kawaida, mionzi isizidi milisiveti 2 kwa saa kwenye uso wa gari, wala 0.1 kwa umbali wa mita 2.

5. Kwa upande wa Tanzania, kibali kiombwe mapema kwa Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2003.

Ajali ikitokea, dereva aokoe majeruhi kwanza, awazuie watu kusogea au kuokota kilichomwagika, na atoe taarifa polisi akiwa na hati za mzigo mkononi.