Mkonge Hauna Msimu

Historia ya mkonge wa Tanga husimuliwa zaidi kwa majina ya watu na ya serikali: Wajerumani walioleta, Waingereza waliopanua, manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliokata, Azimio la Arusha lililotaifisha. Mhusika mmoja huachwa pembeni, nao ni mmea wenyewe. Anayetaka kujua kwa nini shamba la mkonge lilikuwa na reli zake ndani, kiwanda katikati, na kambi za watu waliotoka Kigoma na Songea, hana budi kupitia mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo mapema katika somo la biolojia: mmea huzaanaje, huvutaje hewa, na hufaje. Hoja ya makala hii ni kwamba majibu ya maswali hayo yaliamua sehemu kubwa ya umbo la mashamba ya mkonge. Hayakuamua kila kitu, na ni muhimu kuona mahali ambapo mmea uliacha kuamua na watu wakaanza.

Tuanze na kuzaana. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako mkonge ulikuwa umepelekwa miongo kadhaa kabla kutoka Yucatán, Mexico. Miche ilisafirishwa kupitia Hamburg, na mingi ilinyauka njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa mazao mengi, hasara kama hiyo ingeuua mradi. Mkonge haukuuliwa nayo kwa sababu hautegemei mbegu. Chembe zake zina seti tano za kromosomu, idadi isiyogawanyika sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai, na hivyo ni nadra sana kuzaa mbegu zinazofaa. Badala yake, unapotoa mlingoti wake mrefu, maua hudondoka, kisha pembeni mwa vikonyo vyake huchipua miche midogo iliyokamilika, yenye majani na vianzo vya mizizi. Mlingoti mmoja unaweza kutoa mamia ya miche hiyo, mara nyingine zaidi ya elfu. Zaidi ya hapo kuna machipukizi yanayotoka kwenye mashina ya chini ya ardhi. Mkulima haulizi nyuki wala hanunui mbegu. Anahitaji kitalu na subira. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha nje takriban tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka.

Kuzaana bila mbegu kuna maana ya pili, ambayo wanahistoria huigusa mara chache. Mche wa mlingoti ni nakala ya mama yake. Haukuchanganya damu na yeyote. Kwa hiyo shamba la mkonge, hata likiwa la maelfu ya hekta, lilikuwa karibu na kuwa mmea mmoja uliorudiwa: majani ya urefu unaolingana, unene unaolingana, umri wa kukatwa unaolingana. Mashine hupenda mfanano wa namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba panapokosekana tofauti hapana cha kuchagua. Watafiti walipotaka mkonge bora zaidi, kwanza katika kituo cha utafiti cha Amani na baadaye cha Mlingano, iliwabidi watafute jamaa zake wa jenasi ya Agave wanaokubali kuchavushwa, na kutokana nao ikapatikana chotara iliyopewa namba 11648, inayotoa majani zaidi ya 600 katika maisha yake ilhali mkonge wa kawaida hutoa kama 200 hadi 250.

Sasa hewa. Mimea mingi hufungua mchana vitundu vya majani yake, yaani stomata, ili ivute kaboni dioksidi na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Gharama yake ni maji, maana kila kitundu kinachoingiza hewa hutoa mvuke. Mkonge hufanya kinyume. Hufungua vitundu usiku, kunapokuwa na ubaridi, huihifadhi hewa hiyo katika umbo la asidi ndani ya chembe zake, kisha mchana hufunga vitundu na kuendelea na usanisinuru kwa akiba ya usiku. Ndiyo sababu ulistawi kwenye tambarare zenye joto, huku kahawa ambayo Wajerumani waliipa matumaini makubwa zaidi milimani Usambara ikiwaangusha. Haki itendeke hapa: reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka uleule wa 1893, kabla ya mkonge kuthibitika, kwa hiyo si kila kitu kilichokuja kuuhudumia kilijengwa kwa ajili yake.

Lakini jambo lililobeba uzito zaidi si kuvumilia ukame. Ni kwamba mmea wa namna hii hauna msimu wa mavuno. Majani mapya hufunguka katikati ya shina mwezi baada ya mwezi, na yale ya chini hukomaa kwa zamu. Pamba huchumwa kwa kipindi, kisha mchumaji hurudi kwake. Mkonge hukatwa Januari kama unavyokatwa Agosti, na mwenye shamba alitaka wakataji walewale wakati wa masika, wakati kila mwenye jembe yuko shambani kwake. Wabondei na Wazigua, wenye ardhi jirani na mashamba hayo, hawakuwa na sababu ya kuacha mahindi na muhogo wao kwa ajili ya ujira mdogo; wengi waliona afadhali kuwauzia wafanyakazi chakula. Hivyo mikono ikatafutwa mbali: kwa Waha wa Kigoma, kwa watu wa Songea na Njombe, Burundi, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi maalumu ya kuajiri watu hao. Wakati huo mahitaji yalikuwa yamepanda: mwaka 1942 Japani ilikuwa imeteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, vyanzo vingine vya nyuzi ngumu, na kamba za majeshi ya washirika zikategemea Afrika Mashariki kuliko wakati wowote.

Liko pia jani lenyewe. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kama kilo nne tu. Zinazobaki ni maji na nyama ya jani. Na jani lililokatwa halisubiri. Likikaa zaidi ya siku mbili utomvu wake hukauka, na singa hugandamana na kubadilika rangi. Kahawa ikikaushwa hungoja mnunuzi, karafuu hungoja miezi, pamba hulala ghalani. Mkonge lazima upite kwenye korona, mashine ya kuponda na kukwangua majani, ungali mbichi, na korona hutaka maji mengi ya kusafishia. Matokeo yake yanaonekana kwenye ramani: mashine karibu na mto, mashamba yakiizunguka, reli nyembamba za matoroli zikileta mafungu ya majani thelathini-thelathini kwa saa zilizopangwa.

Hapa mpinzani ana haki ya kusimama. Atasema: unausingizia mmea makosa ya watu. Hakuna jani lililoandika kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30, wala mzizi uliopanga mshahara. Na ana ushahidi mzuri. Usukumani wakulima walipanda mkonge kama ua wa kuzungushia mashamba na mazizi, na bei ilipopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikwangua singa kwa mikono na kuziuza. Mmea ni uleule, lakini hapakuwa na bwana shamba wala kambi. Nakubaliana naye kwa sehemu. Singa za Usukumani zilikuwa za daraja la chini na zilitoka kwa vipindi, bei ikivutia. Ni ushahidi kwamba mkonge mdogo uliwezekana, si kwamba ungeweza kulisha viwanda vya kamba vya Ulaya kwa kiwango kilekile. Mmea ulidai mambo mawili: shamba liwe karibu na mashine, na majani yaje bila kukatika. Haukudai kwamba shamba na mashine viwe vya mtu mmoja, wala kwamba mkataji atoke umbali wa kilomita 1,000. Hayo yaliamuliwa na serikali za kikoloni zilizogawa ardhi kwa walowezi na makampuni, na zikatoza kodi iliyowasukuma watu wa mikoa ya mbali kutafuta fedha.

Kifo cha mmea nacho kinasaidia kuamua ubishi ambao mara nyingi huendeshwa kwa hisia. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000, na hakuna nchi iliyoishinda Tanzania. Miaka ishirini baadaye ulikuwa chini ya tani 50,000. Wengi huweka lawama zote kwenye utaifishaji wa 1967. Ila mkonge huchanua mara moja tu, baada ya miaka kama minane hadi kumi na miwili, kisha hufa, na mche mpya haukatwi kabla ya miaka miwili au mitatu. Majani ya mwaka fulani, kwa hiyo, ni matokeo ya uamuzi wa kupanda uliofanywa miaka mingi nyuma. Bei ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, na mwenye shamba asiye na imani na bei hapandi upya, hukata alichonacho. Milingoti ya miaka ya 1970 ilikuwa inatangaza, kwa sehemu, uamuzi wa watu waliokuwa wamekwisha kuondoka. Hili haliondoi lawama kwa uendeshaji wa mashirika ya umma, ambayo nayo yalikata bila kupanda vya kutosha, na kwa muda mrefu zaidi. Linaonyesha tu kwamba takwimu za uzalishaji, zikisomwa bila kujua umri wa mmea, humkamata mshitakiwa wa pili na kumwachia wa kwanza.

Jaribio la karibu zaidi lilikuja baada ya ubinafsishaji wa 1998. Kampuni ya Katani ilianza kuwagawia wakulima wadogo sehemu za mashamba ya Tanga: mkulima hupanda na kukata, korona huponda kwa ada. Umiliki umetengana na mashine, jambo ambalo karne nzima lilisemwa haliwezekani. Malalamiko ya wakulima wa Korogwe tangu hapo yamehusu sana korona chache na foleni ndefu. Mkataba umebadilika, lakini jani bado lina siku zake mbili.