Matengenezo ya gari kuukuu

Matengenezo ya gari kuukuu ni kazi za kukagua, kubadilisha vimiminika na vipuri, na kurekebisha gari lililotumika miaka mingi au lililokwenda kilomita nyingi, ili liendelee kutembea kwa usalama. Mfano wa makala hii ni gari dogo la petroli, kama vile Toyota Starlet na mrithi wake Toyota Vitz, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999 na kuitwa Yaris huko Ulaya. Magari hayo ni ya kawaida katika barabara za Afrika Mashariki.

Mara nyingi injini ya gari la namna hii haifi kwa uzee wenyewe. Huuawa na kitu cha bei ndogo kilichopuuzwa: oili isiyobadilishwa, mpira wa maji uliopasuka au mkanda uliochakaa.

Umri na umbali

Gari huchakaa kwa njia mbili. Vyuma vinavyosuguana huchakaa kufuatana na umbali. Mipira, plastiki, sili na mafuta ya breki huharibika kufuatana na miaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo gari la miaka 20 lenye kilomita chache bado linahitaji kukaguliwa kikamilifu.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku magari ya miaka 15 au zaidi mwaka 2018. Hata hivyo, gari likishaingia nchini huweza kutumika miaka mingi zaidi na kupitia mikono ya watu kadhaa. Kumbukumbu zake hupotea, na namba za kilomita huweza kuwa zimerudishwa nyuma. Kuchakaa kwa pedali, usukani na kiti cha dereva husaidia kukadiria matumizi halisi.

Umbali mkubwa peke yake si mwisho wa gari. Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na kufikia mwaka 2013 alikuwa ameiendesha maili milioni 3, yaani takriban kilomita milioni 4.8.

Oili ya injini

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Kijiti cha kupimia huchomolewa, hufutwa, huingizwa tena na kusomwa. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili.

Injini iliyochakaa ringi za pistoni au sili za valvu huunguza oili na kutoa moshi wa buluu. Kwa sababu hiyo kipimo cha kila wiki ni cha lazima. Kusubiri sevisi ijayo kunaweza kuiacha injini ikavu. Taa nyekundu ya oili huonyesha kwamba shinikizo limeshuka, si kwamba oili imepungua kidogo tu. Ikiwaka safarini, dereva asimame mahali salama na kuzima injini mara moja.

Baadhi ya mafundi huweka oili nzito ili kupunguza moshi na kelele. Oili hiyo huficha dalili bila kuponya ugonjwa, na huchelewa kufika kwenye njia nyembamba wakati wa kuwasha. Aina zinazofaa zimeandikwa katika kitabu cha gari.

Mfumo wa kupooza injini

Maji matupu huleta kutu na magadi ndani ya rejeta. Maji maalumu ya rejeta huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, hivyo yanafaa hata katika nchi za joto. Kifuniko cha rejeta nacho hutunza shinikizo. Kikilegea, maji huchemka mapema. Kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Kuondoa termostati ili injini "ipoe" ni kosa la kawaida. Injini huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi na kuchakaa haraka.

Injini ikichemka sana, silinda hedi ya alumini huweza kupinda na gasketi yake kuungua. Dalili zake ni maji kupungua bila kuvuja nje, moshi mweupe usiokoma, na oili kuwa na rangi ya maziwa.

Mkanda na cheni ya taimingi

Starlet hutumia mkanda wa mpira, ilhali Vitz hutumia cheni. Mkanda hubadilishwa kwa kilomita au miaka iliyotajwa na mtengenezaji. Ukikatika, gari husimama ghafla. Katika injini za aina fulani pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Gari lililonunuliwa bila kumbukumbu lichukuliwe kuwa halijawahi kubadilishwa mkanda.

Cheni hudumu zaidi, lakini hurefuka oili ikipuuzwa. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza wakati wa kuwasha.

Breki na matairi

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakiingia unyevu kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, breki zikipata moto sana mafuta hayo huchemka, mvuke hutokea na pedali huzama bila kusimamisha gari. Watengenezaji wengi hushauri kuyabadilisha takriban kila miaka miwili.

Tairi huweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kumbukumbu na gharama

Daftari lenye tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na kipuri kilichowekwa huzuia kurudia gharama. Fedha zikiwa haba, breki, usukani na matairi hutangulia. Hufuata oili, maji na mikanda. Rangi huja mwisho. Vipuri vilivyotumika vinaweza kufaa kwa milango au taa, lakini si kwa pedi za breki, mikanda wala sili.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni, kwa kuwa huchafua udongo na maji.

Kutu ikila bodi mahali inaposhikilia miguu ya gari, gari huwa hatari hata kama injini ni nzima, na mara nyingi huo ndio wakati wa kuacha kulitumia.