Bahari Isiyo na Hati

Mafuta ya ardhini yalifika Tanga zamani, kabla mtu hajaota bomba la kutoka Hoima, Uganda. Yalikuja kwa sura ya kamba. Wakulima wa Ulaya na Marekani, ambao kwa miaka mingi walifungia marobota yao ya nyasi kamba ya mkonge wetu, walianza kununua kamba ya plastiki ya polipropilini, inayotengenezwa kwa mafuta, nyepesi, isiyooza na ya bei nafuu. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi duniani iliyotupita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na tani kama 20,000. Wengi hapa mjini hulaumu kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini tazama mwaka 1974. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, kamba ya plastiki ikawa ghali, na bei ya mkonge ikapanda papo hapo. Neema hiyo haikudumu.

Mambo haya niliwafundisha wanafunzi darasani hadi nilipostaafu. Sasa nausikiliza mjadala wa bomba la mafuta ghafi kwa sikio la mwalimu wa historia aliyezaliwa pwani hii, na kuna jambo silisikii likisemwa kwa nguvu inayostahili. Kila mali iliyopita Tanga kwenda ng'ambo ilihesabiwa kwa tani au kwa pipa, na kwa shilingi. Gharama iliyoshukia baharini haikuandikwa na mtu, kwa sababu bahari haina mwenye hati.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai, 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga kwenda bara. Ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911. Reli ile ilikuwa na kazi ileile ya bomba la leo: kuteremsha kitu kutoka bara hadi penye maji ya kina. Mji ulikua kwa kazi hiyo. Manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na wajukuu wao ndio majirani zangu. Siudharau mkonge hata kidogo, maana ulitulisha.

Ila jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenga singa, hutoa singa asilimia nne hivi ya uzito wake. Kilichobaki ni makapi na maji makali ya kijani, na kwa miongo mingi viliachwa viende bondeni na mitoni, vikateremka hadi kwenye mikoko. Vitabu vya mashamba vilikuwa makini sana. Viliandika tani za singa, vipande vya manamba, makato ya posho. Ukurasa wa samaki waliokufa mtoni sijauona. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tukapata kiwanda cha mbolea kandokando ya ghuba. Kilitumia malighafi iliyoletwa kwa meli, kilitoa ajira na fahari kubwa, na maji yake machafu yaliishia kwenye ghuba ileile ambamo watu walitega madema. Kilifungwa miaka ishirini hivi baadaye. Hesabu za hasara ya kiwanda zilifanyika. Hesabu ya ghuba, hapana.

Na sisi wenyewe tuliiumiza bahari, lazima niseme. Uvuvi wa baruti ulianza kushamiri pwani ya Tanga miaka ya 1960, ukapigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya 1970, na ukaendelea kana kwamba sheria haikuandikwa. Tungi moja la baruti likilipuka huua samaki wa kitoweo pamoja na vichanga wao, na huvunja matumbawe yaliyochukua makumi ya miaka kukua. Mvuvi wa mshipi aliyeamka alfajiri alikuta mwamba umekuwa kifusi.

Hapa ndipo historia yetu ina sura moja ya kujivunia, na nasikitika kwamba vijana wengi hawaijui. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani wa Tanga, kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN. Wavuvi, wanawake na wazee wa vijiji vya Tanga mjini, Muheza na Pangani walikaa na maofisa wakagawana pwani katika maeneo ya usimamizi wa pamoja: Mtang'ata, Boza–Sange, Boma–Mahandakini na mengine. Walikubaliana miamba ipi ifungwe kwa muda, nyavu zipi zipigwe marufuku, nani afanye doria. Na wanakijiji, watu waliojua bahari kwa mikono, walifundishwa kuzama na ubao wa plastiki na penseli, kuhesabu samaki na matumbawe mwamba kwa mwamba. Kwa mara ya kwanza pwani hii mtu aliandika kilichomo baharini kwa faida ya watu wanaoitegemea. Baruti haikuisha kabisa, iliwahi hata kurudi kwa kishindo doria zilipolegea. Lakini daftari lilikuwepo.

Miaka michache baadaye bahari yenyewe ilitukumbusha kwamba hatukuwa tumemaliza kuijua. Kuanzia 2003 wavuvi wa jarife la papa, wanaotega kwenye kina kirefu nje ya miamba, walianza kupandisha silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na madinosauri hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kijiji cha Kigombe kilipata sifa ambayo hakikuitafuta. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kutoka kaskazini ya mlango wa mto Pangani hadi Mafuriko, kupita jiji la Tanga. Wavuvi waliambiwa wapunguze nyavu za kina kirefu ili samaki huyo apone. Walinung'unika, kwa haki, kwa sababu jarife ni mtaji, lakini wengi walikubali.

Sasa bomba. Mafuta ya Ziwa Albert si habari ya jana. Mjiolojia wa serikali ya kikoloni ya Uganda, E. J. Wayland, aliandika juu ya michirizi ya mafuta ufukweni mwa ziwa miaka ya 1920, na kisima cha kwanza, Waki, kilichimbwa Butiaba mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha kazi. Ilichukua hadi 2006 kupatikana mafuta yanayolipa gharama ya kuyachimba. Wataalamu wanakadiria yako mapipa bilioni 6.5 chini ya bonde lile, na kama bilioni 1.4 ndiyo yanayoweza kutolewa. Sehemu ya visima iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison. Njia ya kuelekea baharini ilipiganiwa kati ya Kenya na Tanzania, na mwezi Aprili 2016 Tanga ikashinda. Tarehe 5 Agosti 2017 marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, rasi iliyokuwa ya minazi, mihogo na wavuvi. Nakumbuka furaha ya mji siku zile. Watu waliokuwa wamezika matumaini pamoja na mkonge walianza kupaka rangi nyumba za kupangisha.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda bila joto, kwa hiyo bomba zima linapashwa moto kwa umeme kufikia nyuzi 50. Mpango ni kupitisha hadi mapipa 216,000 kwa siku, yaingie kwenye matangi ya Chongoleani yanayobeba mapipa milioni mbili, kisha yapakiwe melini kwenye gati inayoingia baharini karibu kilomita mbili. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8.

Mjadala umekuwa mkali, na umefanyika mbali na hapa. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi. Kampala ikajibu kwa hasira kwamba Ulaya iliyotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta haina haki ya kumwambia Mwafrika abaki gizani, na Tanzania nayo ikautetea mradi. Wapinzani walileta hesabu ya hewa ukaa, tani milioni 379 katika miaka 25 ukijumlisha na uchomaji wa mafuta yenyewe huko yaendako. Kesi ilifunguliwa Ufaransa mwaka 2019, nyingine Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2020. Zote zilitupwa mwaka 2023 kwa sababu za utaratibu. Ile ya Arusha ilionekana imechelewa kufunguliwa. Hoja zenyewe za mazingira hazikufikiwa.

Mimi naona pande zote mbili zina ukweli. Uganda na Tanzania hazikulipasha joto anga hili, na mtu wa Hoima ana haki ya kufaidi kilicho chini ya ardhi yake. Vilevile kiangazi kinachokausha mashamba ya Handeni hakiulizi moshi umetoka wapi. Kinachoniuma ni kwamba katika hoja za dola na hoja za hewa ukaa, mwanamke anayetanda uduvi Chongoleani hayumo.

Tazama fidia. Sheria zetu za ardhi zinajua kuhesabu nyumba, mazao na miti, na zinatoa posho ya usumbufu. Hata kaburi lina sheria yake ya kuhamishwa. Mnazi una bei. Lakini shangazi yangu, aliyetanda uduvi kwa khanga tangu usichana na kuchokoa pweza kila maji yalipotoka bamvua, alilea watoto sita kwa sehemu ambayo haikuwa na jina lake popote. Mikoko tangu enzi ya ukoloni ni msitu wa serikali, kwa hiyo kaa anayezaliana mle hana mdai. Mwamba ni wa umma. Penye gati ya mafuta lazima pawe na eneo ambalo vyombo vingine haviingii, na hilo naelewa, ni usalama. Mvuvi wa ngalawa anayezunguka eneo hilo hupoteza saa na upepo, na akifika mbali zaidi anahitaji mashine, na mashine inataka petroli. Hasara ya namna hiyo huja kidogo kidogo. Na wapo wavuvi wa dago, wanaovuka kutoka Pemba msimu wa kaskazi, wakapiga kambi miezi michache na kurudi kwao. Hao si wakazi wa kijiji chochote huku, na mkutano wa kijiji ukiitishwa hawamo.

Kuhusu kumwagika kwa mafuta, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1988 maelfu ya tani yalimwagika kwenye mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, na mikoko ikafa. Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba Mauritius, ikavujisha kama tani 1,000, na watu wa kisiwa walishona kwa mikono yao vizuizi vya kuelea vilivyojazwa majani makavu ya miwa kwa sababu msaada ulichelewa. Wakashio haikuwa hata meli ya kubeba mafuta. Mafuta yaliyovuja yalikuwa ya injini yake. Mafuta ya Uganda kwa nta yake yangeganda mabonge kwenye maji yetu badala ya kutandaa kama utando, na wapo wanaoona hiyo ni afueni. Sijui mvuvi gani angependa kulijaribu hilo kwenye mizizi ya mkoko.

Ikitokea siku hiyo, swali la kwanza mbele ya hakimu litakuwa: mlikuwa mnapata nini kabla? Mkulima wa mnazi ataonyesha fomu ya mthamini. Mvuvi ataonyesha nini? Kwa hiyo naomba kazi ifanyike sasa, kabla njia ya meli za mafuta haijawa jambo la kila siku. Vikundi vya usimamizi wa pwani vya kila diko, kutoka Boma hadi Kigombe, viandike samaki wanaopandishwa kila siku, kwa aina na kwa kilo, na uduvi na pweza wa wanawake waandikwe vilevile. Waliofundishwa kuhesabu miamba miaka ya 1990 bado wapo, wengine wanauza samaki Deepsea, hapa mjini. Waitwe, walipwe, wawafundishe vijana. Nakala moja ya daftari ikae kijijini, nyingine halmashauri, na isiwe mali ya mradi. Na wavuvi wa dago kutoka Pemba waandikwe humohumo, kwa majina ya vyombo vyao na diko wanalofikia.