Dungu: kambi ya watoto ambayo hatukuwahi kuiita kambi

Wandugu, leo naomba tuzungumze juu ya kambi za watoto. Najua wengi mkisikia neno hilo mnafikiria zile za kwenye sinema za Kimarekani: ziwa, mahema, moto wa usiku, na mtoto anayemwandikia mama yake barua kwamba chakula ni kibaya. Historia ya kambi hizo imeandikwa vizuri. Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Ernest Balch alifungua Camp Chocorua katika kisiwa kidogo cha jimbo la New Hampshire. Aliona watoto wa matajiri wanadekezwa mno, akataka wajipikie, waoshe vyombo na wapige makasia wenyewe. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell naye akawapeleka wavulana wapatao 20 kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na kutoka hapo skauti wakasambaa duniani hadi kufika kwetu.

Sasa hebu tusogee karibu na nyumbani. Panda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu. Utapita Mkuranga, Jaribu, Bungu, utafika Kibiti, halafu Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo abiria walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukifurika safari iliishia hapo hapo. Ukiwa juu ya daraja, angalia bondeni. Vile vibanda vilivyonyanyuliwa juu ya nguzo, vyenye ngazi na paa la makuti au nyasi, ndivyo ninavyotaka kuvizungumzia. Vinaitwa madungu. Mtoto wa Rufiji amekuwa akijipikia, akiosha vyombo na kupiga makasia huko kwa vizazi, na hakuna aliyemtoza baba yake ada ya kambi.

Kwa asiyefahamu: dungu ni kibanda cha shambani kilichojengwa juu, ili maji yakija yapite chini na mnyama asimfikie aliyelala. Familia inahamia huko msimu wa mpunga. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, mto hupanda kati ya Februari na Mei, na ukishuka huacha tope lenye rutuba. Kwenye tope hilo watu hupanda tena: mahindi, kunde, maboga, na zamani pamba pia. Kilimo hicho cha kufuata maji yanaporudi kinaitwa mlao. Kwa hiyo familia yenye akili haikuwa na shamba moja wala nyumba moja. Ilikuwa na kipande juu, kipande bondeni, na mtumbwi wa kuunganisha maisha hayo mawili.

Na kazi ya mtoto? Kuamia ndege. Kiswahili kina kitenzi maalumu kwa kazi hii, kinachoonyesha ilivyokuwa ya kawaida. Kwelea wanashuka alfajiri na jioni kwa maelfu, na punje ikiwa bado na maziwa wanaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Mtoto anakaa juu na kombeo, madebe na kamba, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Mchana anapambana na ngedere na nyani. Usiku ni zamu ya wakubwa, kwa sababu wanaokuja usiku ni nguruwe pori na viboko. Katikati ya hayo yote mtoto anajifunza kuvua perege na kambale, kusoma rangi ya maji, kumsikiliza bibi akisimulia. Mama ndiye mkuu wa kambi. Baba mara nyingi yuko kwenye uvuvi, kukata boriti au kutafuta kibarua mjini.

Mnaweza kudhani nasimulia maisha ya kijijini tu. La hasha. Ukifuatilia dungu hili utakuta karibu kila serikali iliyotawala nchi hii imegongana nalo.

Karne ya 19 mpunga wa Rufiji ulilisha watu wa mbali. Mchele ulishuka mtoni, ukapita kwenye mikoko ya delta, ukapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wajerumani walipofika waliona utajiri wa aina mbili: mikoko na pamba. Mikoko ya delta ikafanywa hifadhi ya serikali mwaka 1898, kwa kuwa boriti zake zilikuwa na soko kubwa hadi Arabuni. Pamba nayo ikaletwa kwa amri, watu wakalazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya pamoja. Mtu anayelima pamba ya mkuu hawezi kuwa kwenye dungu lake wakati huo huo.

Hapa ndipo historia tuliyosoma shuleni inaponoga. Wote tunamjua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tunajua maji yake ya kugeuza risasi. Lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, jirani kabisa na Rufiji, anatuelekeza kwenye jambo ambalo vitabu vya shule havikulikazia: nguruwe pori. Wanaume walipochukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, na sheria za uwindaji zikabana mitego na nyavu, ulinzi wa mashamba ulibaki kwa wanawake na watoto. Nguruwe wakastawi, njaa ikaingia. Na kati ya taarifa za mwanzo zilizowafikia Wajerumani kuhusu ile misafara ya watu kwenda Ngarambe, ilisemwa kwamba watu walifuata dawa ya kulinda mazao. Maofisa hawakuona hatari yoyote. Ukiwa hujawahi kulala kwenye dungu ukisikiliza nguruwe wakifukua jasho lako la miezi mitano, utadhani dawa ya nguruwe ni mambo madogo.

Waingereza walikuja na kuondoka, dungu likabaki. Kisha ikaja serikali yetu wenyewe.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha, na baadaye mwaka huo akaandika juu ya Ujamaa Vijijini. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya. Serikali ikaona jambo ambalo ofisa yeyote angeliona: watu wanaishi ndani ya maji, shule haziwafikii, zahanati haziwafikii, na kila mafuriko makubwa lazima wapelekewe chakula cha msaada. Uamuzi ulikuwa kuwahamishia sehemu za juu, hasa ukingo wa kaskazini wa bonde. Ndiyo Operesheni Rufiji, iliyotangulia miaka kadhaa kabla ya ile operesheni ya vijiji iliyoikumba nchi nzima kuanzia 1973 na 1974. Kwa hiyo Warufiji walikuwa kama wa majaribio.

Tuwe waungwana katika kuhukumu. Vijiji vilileta shule, zahanati, maduka na barabara. Msomaji mwenye asili ya Ikwiriri, Mkongo au Kibiti ambaye leo ana shahada, inawezekana kabisa shahada hiyo inaanzia kwenye uamuzi ule. Lakini rutuba haikuhama pamoja na watu. Tope lilibaki bondeni, juu kukawa mchanga. Mtafiti Kjell Havnevik, aliyeifuatilia Rufiji kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu mwaka 1993, anaeleza jinsi mpango ule wa kutoka juu ulivyovuruga kilimo kilichokuwa kinaelewana na mto. Mtu alipewa nyumba mahali pamoja, na chakula chake kikabaki mahali pengine, kilomita nyingi na pengine upande wa pili wa mto.

Watu walifanyaje? Walifanya walichojua. Walirudi kwenye madungu. Tofauti ni kwamba zamani dungu lilikuwa nyumbani au karibu na nyumbani, na sasa likawa kambi kweli kweli: mahali pa kwenda, kukaa miezi, na kurudi. Familia ikagawanyika kwa msimu. Wazee wanabaki kijijini na wanaosoma, mama anaondoka na wadogo. Au wote wanaondoka, na mlango unafungwa kwa kufuli.

Hapo ndipo mtoto akapata mabwana wawili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa lazima. Ni jambo jema, sote tumenufaika. Lakini kalenda ya shule haikutungwa kwa kuuangalia mto Rufiji. Mpunga unapoanza kukomaa, kati ya Aprili na Juni, mwalimu anaita majina darasani na nusu ya majina yako juu ya nguzo bondeni yanapiga madebe. Likizo ya Juni ikifika, kelele kubwa za ndege zimeshapita. Mwalimu anamwona mzazi mzembe. Mzazi anamwona mwalimu hajui njaa. Wote wawili wana haki, na mtoto ndiye anayelipa.

Na wakati mwingine amelipa kwa damu. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba aliua watu wapatao 35 huko Rufiji kabla ya kuuawa, na alipochunguzwa alikutwa na jino bovu lenye jipu. Mwaka 2005 Craig Packer pamoja na Watanzania Dennis Ikanda, Bernard Kissui na mwenzao Hadas Kushnir walichapisha matokeo ya utafiti wao katika jarida la Nature: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560, na mashambulizi yalikuwa mengi zaidi msimu wa mavuno. Sababu? Nguruwe pori. Nguruwe wanafuata mpunga na mahindi, simba wanafuata nguruwe, na mkulima amelala katikati yao akilinda mazao. Unaona mnyororo ule ule wa mwaka 1905? Karne nzima imepita na ulinzi wa shamba bado ni mwili wa mtu juu ya miti minne. Kwa hiyo tafadhali, anayetaka kulipamba dungu kama utalii wa asili, alipambe akijua hilo.

Huku delta, ambayo sasa iko wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji muongo uliopita, mambo yana sura yake. Njia ni mito na mikono ya bahari. Safari inapangwa kwa bamvua na maji mafu, si kwa saa. Kaa wanakata miche michanga, chumvi ikipanda mpunga unakufa, na mto ukibadili mkondo familia nzima inahama kufuata maji baridi. Mpunga huko unalimwa kwenye ardhi iliyokuwa mikoko, na mikoko ni hifadhi tangu enzi ya Mjerumani. Basi mwanakijiji aliyezaliwa deltani anaweza kuitwa mvamizi. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika kwamba mipango ya kuuza hewa ya ukaa inaweza kutumika kuwaondoa Warufiji kwenye delta. WWF walipinga vikali maelezo hayo. Tunaweza kubishana nani alikuwa sahihi. Lakini ona jinsi swali linavyorudi: je, hawa watu wana ruhusa ya kuwa pale walipo?

Sasa limekuja Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zikafurika, nyumba, shule na mashamba vikaingia majini, na familia zikahamia kambi za muda. Wapo waliolilaumu bwawa, na serikali ikasema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mimi nimebaki na jambo moja. Watoto wa watu waliohamishwa 1968 kwa ajili ya mafuriko, na wajukuu wao, walikutwa na mafuriko. Kumbe hawakuwahi kuondoka bondeni. Na wasingeweza, kwa sababu chakula kiko huko. Na bwawa likifanya kazi ya kuyatuliza maji kama linavyotarajiwa, swali litageuka: mlao utaishi kwa tope gani?

Nimesoma hoja nyingi za kumtaka Mrufiji atulie mahali pamoja. Pamba, hifadhi, ujamaa, shule, umeme. Kila moja ilikuwa na sababu nzuri kwenye karatasi, na nyingine zilikuwa na sababu nzuri kweli. Lakini sikumbuki kuona hata moja iliyoanza kwa kuuliza: hii familia inahama lini, inakwenda wapi, na nani anabaki na watoto? Maswali hayo matatu yangetosha kupanga muhula wa shule wilayani kwa kufuata mto, kuweka mwalimu na darasa la msimu karibu na mashamba, au angalau kusaidia kujenga madungu ambayo simba hawezi kuyapanda. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji megawati.

Ernest Balch aliamini mtoto akitolewa nyumbani na kupewa kazi ya kweli atakua vizuri. Mama wa Rufiji hakuhitaji nadharia hiyo, mpunga ndio uliomwamuru. Tofauti ni kwamba mtoto wa Chocorua alirudi Septemba akakuta dawati lake linamsubiri. Wa Rufiji anarudi akakuta wenzake wameshafanya mtihani.

Kama umekulia huko, au mzazi wako aliwahi kuamia ndege, kaa naye umuulize. Wazee wanaoikumbuka Rufiji ya kabla ya 1968 wanapungua kila mwaka, na mengi waliyoyaona hayako kwenye kitabu chochote.