Watu Wadogo Chini ya Majabali: Historia na Hukumu juu ya Hercules Segers

Uholanzi ni nchi tambarare. Hata hivyo, katika karne ya 17, Hercules Segers alichora mabonde yenye majabali makali, na chini yake watu wadogo mno, ambao jicho huwaona baada ya kuwatafuta. Mfano mashuhuri ni mandhari ya milima iliyomo katika jumba la Uffizi, Florence.

Mhubiri huvutwa kusema mara moja: tazameni unyonge wa mwanadamu mbele ya uumbaji! Lakini historia yadai subira. Segers, aliyezaliwa mnamo 1589, alitoka katika familia ya Kimennonite yenye asili ya Flanders. Mwalimu wake huko Amsterdam, Gillis van Coninxloo, alikuwa ameuhama mji wa Antwerp mwaka 1585 kwa sababu ya imani. Wachoraji wa Flanders walikuwa wamezoea kuchora majabali ya kubuni tangu siku za Joachim Patinir, mwanzoni mwa karne ya 16. Hivyo majabali hayo yalikuwa urithi uliobebwa na wakimbizi kabla ya kuwa fundisho.

Haraka kama hiyo ilimdhuru Segers mwenyewe. Mwaka 1678 Samuel van Hoogstraten alimsimulia kuwa fundi asiyethaminiwa, ambaye michoro yake ilifungiwa siagi na sabuni, na ambaye alikufa kwa kuanguka ngazini akiwa amelewa. Ni kweli kwamba madeni yalimlazimu kuuza nyumba yake mwaka 1631. Lakini orodha ya mali ya Rembrandt, iliyoandikwa alipofilisika mwaka 1656, yataja kazi nane za Segers. Asiyethaminiwa hawekwi hivyo nyumbani mwa bwana wa wachoraji.

Rembrandt alikuwa pia na bamba la shaba ambalo Segers alichonga juu yake Tobia na malaika. Mnamo 1653 aliwafuta hao wawili, akawachora Mariamu, Yosefu na Mtoto wakikimbilia Misri. Mandhari nyingi akaiacha. Atazamaye kwa makini huona bado alama za bawa la malaika kati ya matawi ya miti.

Nasi tuandikao habari za waliotutangulia katika Kanisa hatuna budi kutafuta alama za namna hiyo kabla ya kutamka hukumu. Marehemu hawezi kujitetea, na kisa kimoja kitamu chaweza kumfunika kwa karne nyingi.