UZI: Stima yetu ni safi karibu asilimia 90. Sasa mbona bili bado inachoma?

1/
Kila msimu wa siasa huu mjadala hurudi. Upande mmoja unasema: "Sera za kijani ni za Wazungu, tuchome makaa yetu tuendelee kama wao." Upande wa pili unajibu: "Sisi tulishafika, stima yetu ni safi, tupigiwe makofi." Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mkaazi wa Eastlands, na nikisoma historia naona pande zote mbili zinaruka swali lenyewe. Twende polepole. Hakuna mwanasiasa wala chama nitakachotaja.

2/
Anza na ramani ya hapa kwetu. Ukiishi Eastlands unaishi mlangoni pa stima ya Nairobi. Laini kubwa ya kutoka upande wa Uganda inaishia kituo cha Juja Road. Laini za kutoka mabwawa ya Mto Tana zinaingilia Dandora. Ile milingoti ya chuma unayoiona juu ya mabati na maghorofa ndiyo historia yenyewe. Stima imepita juu ya vichwa vyetu miaka mingi. Kushuka hadi kwa nyumba, kwa bei ya kulipika, hiyo ni hadithi nyingine.

3/
Mwaka 1922 kampuni mbili, moja ya Nairobi na moja ya Mombasa, ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina 1983 ikawa Kenya Power and Lighting. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa 1954, na Kenya ikafunga mkataba wa miaka 50 kununua megawati 30 kutoka huko. Yaani tunapata uhuru 1963, taa za Nairobi zinategemea Mto Nile, na bomba la kutoa maji liko nchi jirani.

4/
Serikali mpya haikupenda hiyo hali. Ndiyo tukaanza kujenga Seven Forks kwenye Mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Katikati ya hiyo safari, mwaka 1973, vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta karibu mara nne ndani ya miezi michache. Nchi isiyo na kisima hata kimoja cha mafuta ilipata somo ambalo halikuhitaji mwalimu.

5/
Somo hilo ndilo lililotupeleka Olkaria kwa nguvu. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke wa ardhini vilichimbwa pale miaka ya 1950, havikuzaa, vikaachwa. Kazi ikarudi miaka ya 1970 kwa msaada wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka 1981, na kufikia 1985 ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Olkaria ikawa kituo cha kwanza cha aina hiyo Afrika kuuza stima kwa kiwango cha maana.

6/
Sasa angalia tarehe. Agosti 1981, mwaka uleule, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa dunia kuhusu nishati mpya na jadidifu, na ulifanyika hapa Nairobi. Kilichowasukuma wajumbe kuja ni bei ya mafuta. Jopo la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC, liliundwa 1988. Mkataba wa dunia wa tabianchi ni wa 1992. Kwa hivyo anayesema nishati safi ni ajenda tuliyoletewa na Ulaya juzi, mwambie mvuke wa Olkaria ulianza kutoa stima kabla hiyo ajenda haijapata jina.

7/
Lakini upande wa pili usishangilie mapema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada mipya kwa Kenya wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi, na miradi mikubwa ya nishati ikakosa pesa. Olkaria II ilikuja kuwaka 2003, karibu miaka 20 baada ya Olkaria I kukamilika. Katikati ya hilo pengo tukafungulia kampuni za kibinafsi kuzalisha stima, na mitambo yao ya kwanza ilichoma mafuta.

8/
Halafu mvua ikakataa. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa, na mwaka 2000 nchi ikaingia kwenye mgao mkali wa stima. Kwa fundi wa kuchomelea au mwenye kinyozi, saa za stima ndizo saa za mshahara. Tukakodi jenereta za dharura za dizeli. Hapa ndipo panafaa kukumbukwa: gharama ya mafuta ya mitambo huwa haikai kwa kampuni, inapitishwa moja kwa moja kwenye bili kama tozo ya mafuta. Mvua ikikosa Masinga, unalipa Kayole.

9/
Baada ya hapo nchi ilifanya uamuzi wa maana. Kampuni ya serikali ya kuchimba mvuke, GDC, iliundwa 2008. Olkaria IV ikaja 2014, Olkaria V 2019. Leo mvuke peke yake unatoa karibu asilimia 40 ya stima yetu. Matokeo yanaonekana: ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikifeli, uliua mifugo na kuumiza watu vibaya sana, lakini haukuturudisha kwenye mgao kama ule wa 2000. Hiyo ni kazi ya miaka 50, ya serikali tofauti tofauti. Inastahili heshima.

10/
Swali ni nani aliyelipa. Kupisha Olkaria IV, familia za Wamaasai zilihamishwa 2014. Zilipeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wafadhili, na ikabidi wasuluhishwe. Marsabit, mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana yalipewa ekari 150,000. Mwaka 2021 mahakama pale Meru iliamua kwamba hatimiliki za hiyo ardhi zilipatikana bila kufuata sheria. Stima inaweza kuwa safi angani na ikawa na matope chini.

11/
Kaa hapo Turkana kidogo, kwa sababu hapo ndipo Ulaya inaingia kwenye tokeni yako. Mradi ni wa mitambo 365, megawati 310, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka Ulaya. Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ikakamilika Septemba 2018. Mkataba ulisema mwekezaji alipwe hata kama stima yake haijafika popote. Tukalipia upepo uliokuwa unavuma bure.

12/
Na mkataba wenyewe ni wa yuro. Mikataba mingine mingi ni ya dola. Shilingi ilipoporomoka 2023 hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, tofauti hiyo iliingia kwenye bili kama tozo ya fedha za kigeni. Ile meseji ya tokeni hutenganisha pesa ya stima yenyewe na "gharama nyingine". Watu husoma zile namba 20 za kuingiza kwa mita na kufuta. Siasa iko kwenye mstari wa chini.

13/
Mwaka 2021 jopokazi la rais lilichunguza hii mikataba, na Januari 2022 bei ikashushwa asilimia 15. Mwaka mmoja baadaye punguzo likaisha. Aprili 2023 bei mpya zikaja na badiliko ambalo halikupigiwa kelele inavyofaa: kiwango cha chini kabisa cha bei, cha kulinda maskini, kilikuwa kwa anayetumia hadi yuniti 100 kwa mwezi. Kikashushwa hadi yuniti 30. Mama mwenye friji ndogo ya kuuza maziwa hawezi kukaa chini ya 30. Kwa kalamu moja aliacha kuhesabiwa kama maskini.

14/
Na hiyo ni stima tu. Jikoni ni vita vingine. 2016 gesi ya kupikia iliondolewa VAT, watu wengi mtaani wakanunua mtungi wa kwanza. Septemba 2018 mafuta taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Sawa, sababu inaeleweka. Lakini Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudi kwa gesi. 2022 ikawa asilimia 8, 2023 ikatolewa tena. Mtu amefungiwa mlango wa mafuta taa, halafu mlango wa gesi unafunguliwa na kufungwa kila bajeti. Anaenda wapi? Kwa gunia la makaa.

15/
Sasa linganisha na Ufaransa, mwaka uleule wa 2018. Serikali yao ilipandisha kodi ya kaboni kwenye mafuta ya magari. Novemba watu wa vijijini na miji midogo, wasio na treni wala basi, wakavaa zile fulana za manjano na kufunga barabara. Desemba nyongeza ikasimamishwa. Wengi waliokuwa barabarani hawakuwa na shida na hewa safi. Walikataa kubebeshwa gharama peke yao. Hilo somo halina rangi ya ngozi.

16/
Ulaya wanafiki? Kuna ushahidi. Umoja wao ulianzia kwenye makaa ya mawe na chuma, mkataba wa 1951. Soko lao la vibali vya hewa ukaa lilianza 2005, na sheria ya kufika sifuri ifikapo 2050 ilipita 2021. Mwaka mmoja tu baadaye, vita vya Ukraine vilipokata gesi ya Urusi, Ujerumani ikarudisha mitambo ya makaa, na makaa ya Ruvuma, Tanzania, yakaanza kupakiwa bandarini Mtwara kwenda Ulaya. Lakini pia walijifunza kitu: 2023 walipitisha mfuko wa hadi yuro bilioni 65 wa kusaidia familia na biashara ndogo zitakazoumizwa na bei ya kaboni. Unafiki wao tusiuige. Ule mfuko, tuuchunguze.

17/
"Basi nasi tuchome makaa yetu." Tulijaribu. Mtambo wa Lamu ulipangwa kuwa wa megawati 1,050. Mpango ulikuwa kuanza na makaa ya kuagizwa kutoka Afrika Kusini, kwa hivyo hilo neno "yetu" lina utata. Na aliyeusimamisha hakutoka Brussels. Ni wakaazi, kupitia Save Lamu, waliokwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), na 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu ndio waliouliza swali ambalo sisi wa mjini huwa tunasahau kuuliza.

18/
Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana KICC wakatoa Azimio la Nairobi, wakaomba dunia iweke utaratibu wa kodi ya kaboni. Mwezi uliofuata Ulaya ikaanza awamu ya majaribio ya ushuru wake wa kaboni kwa chuma, saruji, mbolea na bidhaa nyingine kutoka nje. Stima safi inaweza kuwa faida kwa viwanda vyetu hapo. Lakini faida ya kiwanda haishuki yenyewe hadi kwa mpangaji wa chumba kimoja Mukuru. Mtu lazima aamue ishuke.

19/
Hii ndiyo hoja yangu. Stima safi na stima ya kulipika ni maamuzi mawili. La kwanza tulilifanya, kwa sababu zetu wenyewe, tangu miaka ya 1970. La pili hatujawahi kulifanya kwa makusudi. Tukiyachanganya, mmoja atatuuzia makaa kwa jina la bei nafuu, na mwingine atatuuzia bei ghali kwa jina la mazingira.

20/
Kwa hivyo yeyote akipanda juu ya gari na kipaza sauti hapa mtaani, wa mrengo wowote, muulize manne. Mikataba ya stima itawekwa wazi lini? Mipya italipwa kwa sarafu gani? Kiwango cha kulinda maskini kitabaki yuniti 30? VAT ya gesi mtaiacha miaka mitano bila kuigusa? Akijibu kwa kutaja Wazungu, au kwa kutaja asilimia 90, hajajibu.

Mwenye swali au sahihisho, weka hapo chini, tujadili bila matusi.